Sufuria, sumaku na mgodi wa Kemi

ZUHURA: Karibuni tena kwenye kipindi, wapenzi wasikilizaji. Kaka Daudi leo kaja na sumaku mezani. Ya nini?

DAUDI: Ushahidi huo. Juzi nilikuwa Kariakoo natafuta sufuria ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Muuzaji akatoa sumaku mfukoni, akaigusisha kwenye sufuria ya kwanza, ikanasa. Akaniambia, "Hii siyo stenlesi, bosi." Ya pili haikunasa. Bei mara mbili.

ZUHURA: Ukalipa.

DAUDI: Nikalipa! Nafika nyumbani, nasoma, kumbe nimepigwa somo nusu nusu.

ZUHURA: Nusu tu. Isiyonasa kwa kawaida ndiyo ile ambayo chuma chake kimechanganywa na metali mbili, kromu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, wanayoandika 18/8 kwenye vijiko. Inayonasa mara nyingi haina nikeli, lakini ikiwa na kromu kuanzia asilimia 10.5, nayo ni stenlesi halali. Kinachozuia kutu ni kromu. Nikeli inaongeza ubora mwingine, na inaongeza bei.

DAUDI: Basi hapo ndipo nilipoanza kuifuatilia Outokumpu. Kampuni ya Finland, miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa stenlesi Ulaya. Nimesoma hesabu zao za miaka mitatu, dada, unaweza kudhani ni kampuni tatu tofauti.

ZUHURA: Tupe.

DAUDI: Mwaka 2022, mauzo karibu yuro bilioni 9.5. Mwaka 2023, bilioni 7 kasoro kidogo. Mwaka 2024, bilioni 5.9. Sasa faida ile kabla ya riba, kodi na uchakavu wa mitambo: 2022 ilikuwa yuro milioni 1,256. Mwaka uliofuata, 517. Mwaka 2024, 177.

ZUHURA: Duh.

DAUDI: Na ukishatoa riba, kodi, uchakavu na mengineyo, 2024 wamefunga kwa hasara ya kama milioni 40.

ZUHURA: Lakini tusiwahukumu kwa kulinganisha na 2022, ule ulikuwa mwaka wa ajabu. Dunia imetoka kwenye Korona, kila mtu anataka bidhaa, bei iko juu. Mwezi wa tatu mwaka ule nikeli ilipanda pale soko la madini la London mpaka ikavuka dola 100,000 kwa tani, soko likasimamisha biashara. Ukiwa na mzigo ghalani ulionunua kwa bei ya zamani, unauza kwa bei mpya, unacheka. Bei ikianza kushuka, ghala lilelile linakula faida yako.

DAUDI: Kama mama wa mchele pale sokoni.

ZUHURA: Kama mama wa mchele, ila huyu ana tanuri ambalo hawezi kulizima akalale. Halafu 2024 Ulaya viwanda vimepoa, magari na majokofu hayatoki, na stenlesi ya Asia inaingia kwa bei ya chini.

DAUDI: Na mgomo.

ZUHURA: Enhe, mgomo. Machi mpaka Aprili 2024 vyama vya wafanyakazi Finland viligomea mageuzi ya sheria za kazi ya serikali ya waziri mkuu Petteri Orpo. Bandari zilisimama majuma manne. Kiwanda kikuu cha Outokumpu kiko Tornio, kaskazini, mpakani na Sweden. Unatoa mabati ya stenlesi, meli hakuna. Na ugomvi wenyewe si wako, ni wa watu na serikali yao.

DAUDI: Sasa mimi nina swali la mwanahisa mwenye wivu. Mwaka wa hasara, wamelipa gawio la senti 26 za yuro kwa hisa, sawasawa na mwaka uliotangulia. Jumla yake kama yuro milioni 110. Hiyo si kula mbegu?

ZUHURA: Hasara ya kwenye vitabu siyo lazima iwe pochi tupu. Uchakavu wa mitambo unaandikwa ni gharama, lakini hakuna anayetoa noti siku hiyo. Ila nakubali, milioni 110 kwa faida ya 177 ambayo haijatoa riba wala kodi ni kutoa kupita kiasi. Mimi ningekata nusu.

DAUDI: Umesikika.

ZUHURA: Kilichonivutia mimi si gawio, ni shimo. Hawa wana mgodi wao wa kromu, uko Kemi, jirani na Tornio. Ni mgodi pekee wa kromu katika Umoja wa Ulaya. Na ulivyopatikana! Mwaka 1959 mzamiaji mmoja, Martti Matilainen, alikuwa kazini kwenye mfereji wa maji, akaokota jiwe asilolielewa. Likapelekwa likapimwa: kromu.

DAUDI: Hakuenda kutafuta madini?

ZUHURA: Wala. Alikuwa na kazi zake. Kufika 1968 wanayeyusha ferokromu Tornio, yaani mchanganyiko wa kromu na chuma unaotengenezea stenlesi, 1976 wanatoa stenlesi yenyewe. Walianza na shimo la wazi, baadaye wakaingia chini ya ardhi mpaka kama mita 500. Mwaka 2017 wakaamua kushuka zaidi, kuelekea mita 1,000, kazi iliyokuja kugharimu karibu yuro milioni 280.

DAUDI: Uamuzi ulipitishwa kabla hata ya Korona.

ZUHURA: Ndiyo maana nasema usisome mwaka mmoja. Pesa ya mgodi unaitoa leo, unaikuta baada ya miaka. Na faida yake ni ya ujirani: ferokromu ikitoka tanurini, sehemu yake inapelekwa ikiwa bado uji wa moto mpaka kwenye tanuri la stenlesi. Haipoi, haiyeyushwi tena, umeme umeokoka. Gesi inayotoka pale juu ya tanuri wanaikamata, inakuwa kuni.

DAUDI: Linganisha na Afrika Kusini, nchi inayoongoza duniani kwa kromu. Kiasi kikubwa kinapakiwa melini kikiwa mawe, kinakwenda kuyeyushwa China.

ZUHURA: Kwa sababu ferokromu ni umeme uliogandishwa, kaka, kuiyeyusha kunakula umeme mwingi. Ukiwa na madini na huna umeme wa uhakika kwa bei nafuu, unauza mawe.

DAUDI: Na hapo ndipo naiwaza Ngara, kule kwetu Kagera. Nikeli ya Kabanga. Tunaambiwa ni ya betri za magari ya umeme, betri za magari, lakini nikeli nyingi ya dunia mpaka leo inaishia kwenye stenlesi, yaani kwenye sufuria yangu.

ZUHURA: Ngara tuipe kipindi chake. Hiyo sufuria ya kwanza, iliyonasa, ilikuwa shilingi ngapi?

DAUDI: Elfu kumi na nane.

ZUHURA: Kesho nipitie tukaifuate. Sumaku uiache nyumbani.