Korosho Haina Tarehe, Benki Inayo

SOMOE: Karibuni kipindini. Tuko Shangani, Mtwara, feni imegoma na dirisha liko wazi, kwa hiyo mkisikia bodaboda inapita katikati ya maneno msishangae. Mimi Somoe, na huyu ni kaka yangu Bakari, ambaye kabla ya kuja kunisumbua mimi alikaa dirishani benki miaka kadhaa.

BAKARI: Kule nilikuwa nasumbuliwa. Hapa ndiyo napumzika.

SOMOE: Hupumziki leo. Tuna ujumbe wa sauti wa mama yetu wa Newala. Shikamoo mama. Ametupa ruhusa tusimulie, ila jina lake tunalihifadhi, na la benki yake pia. Mama ana mikorosho, anauza kupitia AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, malipo yanaingia akaunti. Mwanawe yuko sekondari ya bweni Masasi. Alichoka kupanda gari na ada imefungwa kwenye kitenge, akaenda benki akajaza fomu: kila tarehe 5 Januari, ada ihamishwe yenyewe kwenda akaunti ya shule.

BAKARI: Agizo la kudumu. Jambo zuri kabisa.

SOMOE: Subiri. Januari hii korosho zilishapigwa mnada, zimeuzwa, lakini pesa bado iko njiani. Tarehe 5 agizo likapita, akaunti kavu. Likakataliwa, na mama akakatwa kwa sababu limekataliwa. Kesho yake mfumo ukajaribu tena, akakatwa. Ukajaribu tena, akakatwa. Shule inapiga simu, mtoto yuko getini na tranka. Mama akakopa kwa jirani, akalipa ada kwa simu. Jioni hiyohiyo pesa ya korosho ikaingia, na mfumo nao haukuchoka: ukajaribu tena, ukafanikiwa. Ada imelipwa mara mbili, deni la jirani linamsubiri, na akaunti imekatwa makato matatu. Anauliza, nimdai nani?

BAKARI: Pole sana mama. Hapo kuna madai mawili, na watu wengi huyakoroga wakafika dirishani wanafoka yote kwa pamoja, wakatoka hawana hata moja. Ile ada iliyolipwa mara mbili iko shuleni, benki haina hiyo pesa. Mama aende kwa mhasibu wa shule na stakabadhi ya malipo ya simu, pamoja na stetimenti inayoonyesha uhamisho. Achague: arudishiwe au ihesabiwe muhula wa pili. Mimi ningesema irudishwe, maana jirani hawezi kusubiri muhula wa pili.

SOMOE: Na aombe kwa maandishi.

BAKARI: Kwa maandishi. Hilo limeisha. Sasa makato, na hapo utanikasirikia, dadangu.

SOMOE: Najua unataka kuitetea benki.

BAKARI: Siitetei. Nasema kato la kwanza huenda likawa halali. Fomu aliyosaini inasema tarehe 5. Tarehe 5 pesa haikuwepo. Kwenye orodha ya ada za benki kuna mstari wa agizo lililoshindikana kwa salio kutotosha, na hiyo orodha hubandikwa ukutani tawini, ingawa mara nyingi imebandikwa mahali ambapo ungehitaji ngazi kuisoma.

SOMOE: Mama alisaini fomu, hakusaini kukatwa mara tatu kwa ada moja!

BAKARI: Hapo sasa ndipo pa kupigania. Agizo ni moja, la Januari moja, kwa ada moja. Mfumo kujaribu tena ni uamuzi wa benki. Mama aulize: ni wapi kwenye fomu yangu au kwenye masharti mliyonipa pameandikwa kwamba mtajaribu tena na kila jaribio lina kato lake? Wakimwonyesha, basi ameona. Wasipomwonyesha, kato la pili na la tatu hayana pa kusimama.

SOMOE: Na la kwanza tumewaachia?

BAKARI: Hatujawaachia, tunalichunguza. Kabla ya kuandika barua yoyote mama achukue stetimenti kamili, si ile meseji ya simu. Stetimenti ina tarehe mbili ambazo watu hawaziangalii. Ipo tarehe muamala ulipoandikwa kwenye mfumo, na ipo tarehe ambayo benki inahesabu kwamba pesa ni yako kuanzia hapo. Mara nyingi zinafanana. Zikitofautiana, ndipo kesi ilipo.

SOMOE: Fafanua. Mimi mwenyewe huwa naangalia salio tu.

BAKARI: Chukulia pesa ya korosho ilifika benki tarehe 4 mchana, ila wakaichelewesha kuiweka kwenye akaunti ya mkulima mmojammoja mpaka tarehe 7. Kwa agizo la tarehe 5, akaunti ilionekana kavu kwa sababu ya kazi yao wenyewe. Hapo mama anadai yote matatu, na anadai akiwa amekaa kwenye kiti. Lakini kama chama chenyewe kilituma tarehe 7, benki haina kosa kwenye kato la kwanza. Hapo mama anaomba kusamehewa, na kuomba si sawa na kudai. Barua inabadilika kabisa.

SOMOE: Kwa hiyo aende AMCOS kwanza.

BAKARI: Aende AMCOS kwanza, kwa katibu. Aulize orodha ya malipo ya mnada ule ilipelekwa benki lini. Katibu anayo nakala yenye mhuri. Karatasi hiyo ina nguvu kuliko machozi.

SOMOE: Wasikilizaji wetu wa Dar na Mwanza labda hawaelewi kwa nini pesa ya korosho inachukua njia ndefu namna hii. Huku Mtwara mfumo wa kuuza kwa stakabadhi ghalani ulianza msimu wa 2007/08. Mkulima anapeleka korosho chama cha msingi, zinaingia ghala kuu, zinapigwa mnada. Mnunuzi analipa, inapita chama kikuu, kwa sisi huku ni MAMCU au TANECU, yanatolewa makato ya mjengeko wa bei, yaani gharama za kuifikisha korosho mnadani, inashuka chama cha msingi, orodha inakwenda benki, ndipo mkulima anapata meseji. Kila kituo kina mtu wa kusaini, na kila mtu wa kusaini ana siku yake ya kusafiri.

BAKARI: Na jina likikosewa herufi moja kwenye orodha, pesa inarudi ilikotoka.

SOMOE: Msimu wa 2018/19 wote tunaukumbuka. Novemba 2018 serikali ikasema inanunua korosho zote kwa 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kubeba, halafu ukaja uhakiki, kumtenganisha mkulima na mtu wa kangomba, yule anayenunua korosho kwa wakulima kinyemela. Wapo waliolipwa mwaka uliofuata umeshakwenda mbali. Mtu aliyekuwa na mkopo wenye tarehe ya kukatwa, tarehe ile haikusubiri uhakiki.

BAKARI: Ndiyo maana nasema agizo la kudumu limetengenezwa kwa mtu wa mshahara. Mfanyakazi wa bandari, mwalimu, nesi wa hospitali ya Ligula, anajua mwisho wa mwezi uko wapi. Huyu naye ana taabu yake ndogo: mshahara ukiangukia mwisho wa wiki na agizo la kodi ya nyumba likapita alfajiri kabla mshahara haujaingia. Dawa yake nyepesi, asogeze agizo siku tatu au nne mbele. Tumemaliza naye. Mkulima hana tarehe, ana msimu, na fomu ya benki haina kisanduku cha msimu.

SOMOE: Haya, barua. Mama anaandika nini?

BAKARI: Fupi. Jina, namba ya akaunti, tarehe ya agizo. Kisha kilichotokea kwa mpangilio wa tarehe, kila kato na kiasi chake kama kilivyo kwenye stetimenti. Kisha anachotaka. Watu wanasahau kuandika wanachotaka! Wanaandika kurasa mbili za uchungu, meneja anasoma mpaka mwisho hajui arudishe nini. Andika: naomba nirudishiwe kato la tarehe fulani na fulani, pamoja na kodi zake.

SOMOE: Kodi zake zipi tena?

BAKARI: Ee, hapo. Ada ya benki haiji peke yake. Kuna ushuru wa bidhaa asilimia 10, na kuna VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, ambayo huduma za benki zenye ada zilianza kutozwa Julai 2016. Mara nyingine kwenye stetimenti utaziona mistari tofauti chini ya ada. Sasa benki ikikubali kosa ikarudisha ada tu, ile mistari midogo inabaki imekatwa. Kama ada haikustahili, na kodi iliyokaa juu yake haikustahili.

SOMOE: Wallahi mimi ningefurahi na ada nikaondoka.

BAKARI: Na wengi wanaondoka hivyo. Barua iende nakala mbili, moja inapigwa mhuri wa kupokelewa na tarehe, anarudi nayo. Aombe namba ya lalamiko. Akiambiwa "tumeshakuelewa mama, nenda tu, tutashughulikia", akae palepale mpaka apate namba.

SOMOE: Hiyo ya "nenda tu" naijua. Ukifika mlangoni wameshasahau sura yako.

BAKARI: Si ubaya, ni foleni. Siku za malipo ya korosho pale Newala au Tandahimba foleni inatoka nje ya mlango, inazunguka jengo. Usipeleke lalamiko siku hiyo. Nenda siku imetulia, asubuhi.

SOMOE: Wakikataa? Au wakanyamaza?

BAKARI: Jibu la kukataa nalo walitoe kwa maandishi. Benki Kuu ilitoa kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha mwaka 2019, na ndani yake benki inatakiwa kukueleza ada zake wazi na kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko. Ukimaliza ngazi ya benki yako na hujaridhika, unapeleka Benki Kuu. Na watu wa kusini tuna bahati, Benki Kuu ina tawi hapahapa Mtwara mjini. Ila usirukie huko kabla hujaanza na benki yako, watakurudisha. Watataka kuona ile nakala yenye mhuri.

SOMOE: Kuna msikilizaji mwingine, kijana wa Nachingwea, anasema yeye ana dawa: siku moja kabla ya agizo anatoa pesa yote, akaunti inabaki tupu, basi hawamkati chochote.

BAKARI: Kijana, acha. Hivyo ndivyo wanavyokukata. Agizo likikuta patupu ndiyo kato linazaliwa, na kwenye akaunti nyingine linakusubiri mpaka uweke pesa. Ukitaka kulisimamisha, lisimamishe: nenda tawini ujaze fomu ya kusitisha kabla ya tarehe yake, usingoje asubuhi ileile. Kumwambia mwenye nyumba au shule hakutoshi, aliyepewa agizo ni benki. Isipokuwa kama ulimruhusu yule anayelipwa avute mwenyewe kutoka kwako, kama wafanyavyo baadhi ya watu wa bima na mikopo. Hapo unaandikia wote wawili.

SOMOE: Na tarehe ya kuisha. Namjua mzazi ambaye mtoto alimaliza kidato cha nne na ada ikaendelea kwenda.

BAKARI: Kwa sababu kile kisanduku cha mwisho kwenye fomu watu wanakiacha wazi. Kijazeni, jamani.

SOMOE: Turudi kwa mama, maana Januari nyingine inakuja. Abaki na agizo au aachane nalo?

BAKARI: Mimi ningeachana na Januari. Minada inaanza Oktoba, malipo ya mwanzo yanaingia kuelekea Novemba. Pesa ile ikishaonekana kwenye akaunti, imeonekana kwa macho si kwa ahadi, aende siku hiyo benki aagize uhamisho mmoja wa ada ya mwaka unaokuja.

SOMOE: Kaka, Novemba! Novemba kuna deni la vibarua wa kuokota, kuna bati, kuna harusi mbili kila Jumamosi. Unadhani atakumbuka ada?

BAKARI: Basi afungue akaunti ya pili, isiyo na kadi, ahamishie ada huko, na agizo la Januari litoke huko. Harusi haziioni.

SOMOE: Hiyo nimeikubali. Ila kwanza aulize hiyo akaunti ya pili ina makato ya mwezi au haina, tusimtoe kwenye moja tukamtumbukiza kwenye jingine.

BAKARI: Aulize. Na shule nayo, kama ilimtoza faini ya kuchelewa, aombe benki barua inayoeleza kilichotokea, ikiwa itathibitika kuchelewa kulikuwa kwao. Wahasibu wa shule wanaiheshimu barua yenye nembo ya benki.

SOMOE: Mama, ukipata majibu ya AMCOS tutumie zile tarehe mbili, ya kutumwa na ya kuingia. Tukishaziona tutajua kama barua yako inadai au inaomba, na Bakari ataiandika mwenyewe, amejitolea sasa hivi.

BAKARI: Lini nimejitolea?

SOMOE: Sasa hivi. Imerekodiwa.