Mteremko Huu Umepimwa kwa Urefu wa Mstari Upi?

Wahandisi wenzangu, wapima, na wanafunzi mliofika jioni hii,

Nimeombwa nizungumzie usanifu wa mistari yenye mteremko inayofuata mhimili wa barabara, yaani mstari wake wa katikati, katika programu za kompyuta za usanifu kama Civil 3D, nami nitautumia mtaro wa maji ya mvua kuwa mfano wangu, kwa sababu hapa Dar es Salaam ndiko kosa la usanifu linakoonekana mapema zaidi. Dereva anaweza asihisi lami iliyokosewa kwa sentimita mbili, lakini mtaro uliokosewa kwa kiasi hicho hutuama maji, na masika ya Machi hadi Mei humwonyesha kila mpita njia.

Ndani ya programu, kila nukta ya mtaro hutambulishwa kwa cheneji, yaani umbali uliopimwa kando ya mhimili tangu mwanzo wake, kisha kwa umbali wa pembeni kutoka kwenye mhimili huo, na mwisho kwa levo, yaani kimo chake. Utaratibu huu ni mzuri sana, kwani mhimili ukisogezwa, ukingo, njia ya waendao kwa miguu na mtaro vyote husogea pamoja nao. Hata hivyo, cheneji ni urefu wa mhimili, si urefu wa mtaro. Barabara inaponyooka, urefu huo ni mmoja. Inapopinda, unatofautiana, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Chukueni kona ya nyuzi 90 yenye nusu kipenyo cha mita 50. Mhimili wake una urefu wa mita 78.54. Mtaro ulio mita 10 upande wa ndani una mita 62.83 tu, na ule wa upande wa nje una mita 94.25. Msanifu akichora mteremko wa asilimia 0.5 kwenye profaili ya mhimili, yaani mchoro wa levo zake kwa kufuata cheneji, kisha akaipa mitaro yote miwili levo hizo kwa kufuata cheneji, kila mtaro utashuka sentimita 39. Maji, lakini, hayasafiri kwenye mhimili. Mteremko halisi wa mtaro wa ndani utakuwa asilimia 0.625, na wa nje asilimia 0.417. Kwa kuwa kasi ya maji katika mtaro hufuata kipeuo cha pili cha mteremko, maji ya upande wa nje yatapungua kasi kwa karibu asilimia 9, na mchanga wetu wa pwani hautahitaji zaidi ya hapo ili uanze kutulia.

Niliwahi kuupitisha mchoro wa namna hiyo, kwa kuwa profaili ilisomeka asilimia 0.5 kila mahali. Tangu hapo, kabla ya kutia saini, huuchora mtaro kama mstari unaojitegemea na kusoma mteremko uliopimwa kwa urefu wake wenyewe. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na ninawasihi muifanye.

Jambo la pili ni kona za wima, pale mteremko unapobadilika polepole kwa umbo la parabola. Mstari wa programu huunganisha nukta kwa vipande vilivyonyooka. Kona ya wima ya mita 100, ambamo mteremko unabadilika kwa asilimia 4, ikiwekewa levo za mwanzo na mwisho pekee, itakosewa kwa nusu mita katikati. Levo zikiwekwa kila baada ya mita 10, kosa hubaki milimita 5. Angalieni pia mwelekeo wa mhimili, kwa kuwa ukigeuzwa, alama ya kupanda inakuwa ya kushuka.

Nirudi kwenye mtaro wa nje. Ili upate asilimia 0.5 ya kweli, ni lazima ushuke sentimita 47, kwa hiyo mwisho wake utakuwa chini kwa karibu sentimita 8 kuliko ulivyochorwa mwanzo. Katika maeneo tambarare kama Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, sentimita 8 hizo huenda zisipatikane, kwa sababu sakafu ya kalvati, yaani mfereji unaopitisha maji chini ya barabara, inayopokea maji hayo imekwisha kujengwa. Mpeni mpima kazi ya kuchukua levo ya sakafu hiyo kwanza, kisha sanifuni mtaro kuanzia hapo mkirudi juu.