Matokeo ya Chuo Hayaji kwa Mzazi

Wakubwa zangu shikamooni, na wazazi wenzangu habari za mchana.

Najua wengi mmekuja mkiwaza godoro na ndoo. Hivyo vitapatikana. Mimi nataka tuongee matokeo ya watoto wetu wanaoingia chuo kikuu.

Sekondari mmezoea shule inafunga, ripoti inakuja, mzazi unasaini. Chuo hakuna hiyo. Matokeo yanaingia kwenye akaunti ya mwanafunzi, nywila anayo yeye, na chuo kinamhesabu mtu mzima. Wewe utajua alichoamua kukwambia. Na hata akikwambia, usipojua hesabu zao utapongeza msiba. Kidato cha sita pointi zikiwa chache ndiyo raha: divisheni wani ni pointi 3 hadi 9. Chuo ni kinyume, GPA, yaani wastani wa alama zake, inapanda hadi 5. Kijana akikwambia, "Baba, nina mbili nukta moja," usikimbilie kuchinja kuku. Hapo amepita kwa kunusurika. Daraja la kwanza linaanzia 4.4.

Halafu kuna sapu, yaani mtihani wa marudio, na kuna kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Sapu si mwisho wa dunia. Wapo waliohitimu vizuri na sapu walizipitia. Balaa linaanza inapofichwa. Mtoto anadisko mwaka wa kwanza, anaogopa kusema, anabaki mjini kwa rafiki zake. Nyumbani wanaendelea kutuma hela ya semesta, na ya kutolea juu. Mwaka wa mahafali unafika, mashangazi wameshashona sare, ndipo siri inapasuka. Haya yapo, tusidanganyane. Na wengi wa watoto hao waliondoka nyumbani wakiwa wameambiwa, "Ukifeli usirudi hapa."

Kauli hiyo ifuteni kabla hajapanda basi. Baba na mama mkae naye pamoja, mumwambie: ukipata sapu, tuwe wa kwanza kujua.

Pesa nayo. Bodi ya Mikopo hutangaza majina kwa awamu, na boom, yaani hela ya kujikimu inayotokana na mkopo, haliingii siku chuo kinapofunguliwa. Kuna usajili, kuna kusaini. Kwa hiyo wiki za mwanzo ni zenu, hata kama amepata mkopo wote. Likiingia linakuja kwa mkupuo, na kijana huyu hajawahi kushika laki kadhaa za kwake. Pangeni naye sasa: chakula, nauli, na kodi ya geto akikosa chumba hosteli. Akumbuke pia kwamba ni deni. Akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa.

Jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui. Akiugua sana, au nyumbani kukitokea msiba mzito, chuo kina utaratibu wa kuahirisha mitihani au masomo kwa kibali. Asiyefanya mtihani bila kibali anahesabiwa kafeli. Kwa hiyo akipiga simu anaumwa, ukishamuuliza hali, muulize kama barua imeshapelekwa chuoni, na vyeti vya hospitali avitunze.