Mnakuja London na skuli mwezi wa Juni? Njooni na fimbo

Assalaam alaykum, wanangu wa Unguja na Pemba, pamoja na walimu wenu. Video ya leo ni ya skuli zinazojipanga kuleta wanafunzi London likizo ya Juni.

Ziara nyingi huharibika kwenye ratiba. Siku sita, sehemu kumi na nane! Mtoto anashuka kwenye basi, anapiga picha, anapanda tena, akirudi Chake Chake, Pemba, hana la kuwaeleza wenzake. Sehemu mbili kwa siku zinatosha, na kila sehemu muende na suali mliloondoka nalo nyumbani. Kule Natural History Museum, kwenye ile mifupa ya nyangumi wa buluu, mita 25.2, kila mtoto achague mfupa mmoja akae auchore dakika 20. Kuingia ni bure, lakini kundi la skuli liweke nafasi mapema.

Viza nitaipitia haraka. Ombi halipokelewi zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, na majibu kwa kawaida huchukua wiki tatu. Alama za vidole mtoto anakwenda kutoa mwenyewe Dar, kwa hiyo hesabuni na siku za boti. Aliye chini ya miaka 18 asiyefuatana na wazazi awe na barua yao ya ridhaa, na ikiwa ya Kiswahili iambatane na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Chaja njooni nazo kama zilivyo, soketi za huku ni zile zile za pini tatu. Sambusa za nyama ziacheni, nyama na vyakula vya maziwa haviruhusiwi kuingia.

Sasa fimbo, maana hili ndilo ninalolipenda khasa. Tayarisheni fimbo mbili za kupimia kivuli cha jua, kila moja mita moja kamili. Moja ibaki na darasa Chake Chake. Ya kuja huku iwe ya vipande viwili vya sentimita 50 vinavyoungana, iingie kwenye begi la kupakiwa, si la mkononi.

Juni 21, jua likifika kileleni, kivuli cha fimbo ya Chake kitakuwa kama sentimita 55 na kitaelekea kusini. Cha Greenwich, hapa London, kitakuwa kama 53, kikielekea kaskazini. Urefu karibu sawa, pande mbali mbali! Siku hiyo jua liko utosini mwa walioko Tropiki ya Kansa, nyuzi 23.4 kaskazini ya ikweta, na Pemba na London zinakaribia kuwa masafa sawa kutoka mstari huo, moja huku, moja kule. Kwa tanjenti, yaani kivuli gawanya kwa urefu wa fimbo, mtapata pembe ya nyuzi 28 na kitu kila upande. Zijumlisheni, zinakuja kama 56.7. Gawanyeni kwa 360, zidisheni kwa mzunguko wa dunia, kilomita 40,000, na mtapata kama kilomita 6,300. Hayo ndiyo masafa ya kaskazini kwenda kusini baina yenu na wenzenu.

Angalieni saa vizuri. Chake jua hufika kileleni kama saa sita na dakika 23 mchana. Greenwich ni saa saba na dakika mbili kwa saa za huku, kwa sababu kiangazi saa zao husogezwa mbele, na tofauti na nyumbani inakuwa saa mbili badala ya tatu. Ukipima saa sita kamili kwa kuwa ni "adhuhuri", umekosea tayari. Anzeni dakika 20 kabla, pimeni kila dakika tano, endeleeni dakika 20 baadaye, kisha chukueni kivuli kifupi kuliko vyote. Fimbo ikiinama nyuzi moja tu, mnaweza kupoteza karibu sentimita mbili, basi ning'inizeni uzi wenye jiwe pembeni yake, kama fundi mwashi na timazi. Msipimie kwenye mteremko wa kilima cha Greenwich, teremkeni chini penye sakafu bapa. Mawingu yakitanda msivunjike moyo: baina ya Juni 15 na 27 kivuli hakibadiliki hata nusu sentimita, hata kama Chake wamepima Jumatatu na nyinyi Jumatano.

Mkiwa hapo hapo, simameni juu ya mstari wa longitudo sifuri uliokubaliwa mwaka 1884, mfungue ramani ya simu. Haitasoma sifuri! Sifuri ya setilaiti iko mita 102 mashariki ya mstari ule, kwa sababu setilaiti huhesabu kutoka kitovu cha dunia, na darubini ya zamani ilisimamishwa kwa kufuata mvuto wa ardhi ya pale. Walimu, waacheni watoto wakisie kwanza.

Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu 2014. Wenye miaka 11 hadi 15 waombe stesheni wawekewe punguzo la wageni vijana kwenye kadi ya Oyster ya kulipia nauli, ni nusu nauli kwa siku 14. Kwenye ngazi za umeme simameni kulia, kushoto ni kwa wanaopita.

Na saa, jamani. Tiketi ikiandikwa 09:30 ni saa tatu na nusu asubuhi, si saa tisa na nusu. Mpeni kila mtoto karatasi yenye saa zote kwa Kiswahili. Jua lisiwadanganye: Juni linazama saa tatu na dakika ishirini usiku, na mtoto anayeliona bado juu ataapa ni alasiri. Nyumbani tukisema kibla ni kaskazini, maana Makka iko juu yetu karibu moja kwa moja. Huku kibla ni kusini mashariki, kama nyuzi 119 kwenye dira, kwa hiyo dira nayo iwemo mkobani.