Mizani Mbili za Shabiki: Wentz, Foles na Mpira Uleule

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Hoja yangu ni moja: shabiki humpima kwotabeki mwenye namba, yaani anayeanza mechi, kwa mizani moja, na wa akiba kwa nyingine. Muda niliopewa ni mfupi, kwa hiyo sitaeleza sheria zote za mpira wa Kimarekani. Wasioujua wachukue hili moja: kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza, na ndiye anayeamua aurushe, ampe mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Anacheza mmoja tu. Wa akiba anasimama pembeni, akingoja mwenzake aumie ama aboronge.

Twende Philadelphia, kwa timu ya Eagles, 2017. Carson Wentz, aliyechaguliwa wa pili nchi nzima timu zilipogawana wachezaji wapya mwaka uliotangulia, alikuwa amerusha tachidauni, yaani pasi za kufunga, 33 katika mechi 13, na pasi zake zilizonaswa na wapinzani zilikuwa 7 tu. Tarehe 10 Desemba, kule Los Angeles, kano ya goti ikachanika. Akaingia Nick Foles, wa akiba. Mechi ya kufunga msimu wa kawaida, dhidi ya Dallas, Foles alikamilisha pasi 4 kati ya 11 kabla ya kupumzishwa, na Eagles wakalala 6-0. Watu wakaanza kuufanyia msimu matanga.

Ishikeni hofu hiyo, maana ndiyo iliyogeuka kipimo chake. Tangu hapo, kila alichofanya Foles kilipimwa kwa janga ambalo watu walikuwa wameshalitarajia. Akawatoa Atlanta 15-10, akawatandika Minnesota 38-7, na tarehe 4 Februari 2018 akawafunga New England 41-33 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi: yadi 373, tachidauni tatu za kurusha na moja aliyoidaka mwenyewe. Sanamu yake na kocha Doug Pederson ikasimamishwa nje ya uwanja. Sisemi hakustahili. Aliyeshinda ameshinda.

Ila tazameni pasi mbili. Ya kwanza imo ndani ya fainali hiyohiyo, robo ya pili. Foles anamrushia Alshon Jeffery, mpira unamponyoka mikononi, unaruka juu, Duron Harmon wa New England anaudaka. Ya pili ni Januari 2019, New Orleans. Zimebaki kama dakika mbili, Eagles wako nyuma 20-14 na wanasogea. Foles tena, Jeffery tena, mpira unapita katikati ya mikono, Marshon Lattimore anaunasa, safari imeishia hapo. Kwenye takwimu pasi zote mbili ni makosa ya Foles. Mtaani lawama alibebeshwa Jeffery, na mimi naona ni haki: mpira ulimfika.

Haki hiyo, je, mwenye namba anaipata? Msimu wa 2019 Wentz alirusha yadi 4,039, huku wadakaji wake wa pembeni wakiwa wodini kwa zamu. Hakuna hata mmoja wao aliyefikisha yadi 500. Akaifikisha timu kwenye mtoano, akapigwa kichwani na Jadeveon Clowney wa Seattle, akatoka. Mkasikia wanavyosema? Mwili wa kioo, hamalizi msimu. Sasa Foles: mwaka 2014, akiwa na jezi hiyohiyo ya Eagles, alivunjika mtulinga, mfupa wa juu ya kifua, na msimu wake ukaishia palepale. Mwaka 2019, mechi yake ya kwanza Jacksonville, akavunjika tena. Sijasikia Philadelphia wakimwita kioo. Akipenda, chongo huita kengeza.

Sababu si mapenzi matupu, ni hesabu pia. Mwenye namba ana mkataba. Wentz alisaini miaka minne kwa dola milioni 128, kwa hiyo kila pasi mbovu mtu anaipigia mahesabu ya fedha. Anacheza kila wiki, madhambi yake yote yanajulikana. Wa akiba anaonekana mara chache, na kocha humpunguzia mzigo: Pederson alimwongezea Foles michezo ya kuamua papo hapo, kumkabidhi mkimbiaji au kurusha pasi fupi. Kwa upande mwingine, mazoezini sehemu kubwa ya mazoezi ya mechi huwa ni ya mwenye namba, jambo ambalo wanaomkandia wa akiba nao hulisahau. Mizani mbovu haimpendelei mmoja siku zote.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni huohuo wa Jacksonville, kwa sababu mtu ni yuleyule. Walimpa Foles dola milioni 88, na siku aliyozikubali aliacha kuwa wa akiba. Alipoumia akaingia Gardner Minshew, kijana aliyechaguliwa raundi ya sita tu, mwenye masharubu yake, aliyekuwa akidondosha mpira mara kwa mara na watu wakacheka naye. Foles akarudi, akafungwa. Tarehe 1 Desemba, nyuma 25-0 wakati wa mapumziko dhidi ya Tampa Bay, akakalishwa benchi. Hakuna aliyezungumzia Super Bowl tena, ilizungumzwa bei.

Kijana hapo mbele anauliza: basi kocha asimbadilishe mtu? Ambadilishe. Desemba 2020 Wentz alikuwa amenaswa pasi 15 na kuangushwa na mpira mkononi mara 50 katika mechi 12. Kumwingiza Jalen Hurts, wa akiba wake, kulikuwa uamuzi wa mpira, na tarehe 9 Februari 2025 Hurts alikuwa mchezaji bora wa fainali, Eagles 40, Kansas City 22. Lakini mwezi mmoja tu kabla ya fainali hiyo, Tanner McKee, wa akiba wa Hurts, alirusha tachidauni mbili dhidi ya Giants, timu iliyokuwa hoi na isiyo na cha kupigania. Mlioangalia mechi ile mnajua minong'ono iliyofuata, na mnajua ilimhusu nani.