Safina ya Katoni ya Sabuni: Mazungumzo na Walimu wa Shule ya Jumapili, Kigoma

Bwana Yesu asifiwe, walimu wenzangu. Karibuni mliotoka Ujiji, Gungu, Katubuka na Kibirizi. Naona baadhi mmeshashika kalamu muandike bei za karatasi za rangi. Ziwekeni chini, leo hatununui kitu.

Kazi ya mikono si pambo la ukutani la kuonyesha wageni. Ni somo lenyewe. Mikono ya mtoto isipofanya jambo lililomo ndani ya habari anayofundishwa, tumemchezesha tu.

Tuanze na safina. Mwanzo 6 inatupa vipimo: urefu dhiraa 300, upana 50, kwenda juu 30. Sisi tumezoea kuchora kimtumbwi kifupi kinene, twiga katoa shingo, basi. Sasa chukueni katoni ya sabuni. Kila dhiraa 10 ziwe sentimita moja: 30, 5, 3. Mkunje, mkate, mbandike. Mtoto ataona mwenyewe kwamba chombo kile kilikuwa kirefu na chembamba. Ghorofa tatu, mlango ubavuni, kama ilivyoandikwa. Halafu tokeni nao nje. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kama sentimita 45 kwa mtu mzima, kwa hiyo safina inakaribia mita 135. Meli yetu ya Liemba ina mita 71 hivi. Wapange Liemba mbili kichwani mwao, ya pili wapunguze kidogo. Watapiga kelele, waacheni.

Trei la mayai nalo msilitupe. Lina vikombe 30. Katika Yohana 6, baada ya mikate mitano na samaki wawili, vilijaa vikapu 12 vya mabaki. Makundi mawili ya watoto yakikata vikapu 12 kila moja, vinabaki vikombe sita. Hivyo vigeuzeni mabalasi sita, ile mitungi ya maji ya arusi ya Kana, Yohana 2, somo la wiki inayofuata. Jihadharini, mtoto wa hapa lazima aulize kama wale samaki walikuwa migebuka. Mwambieni Biblia haikutaja. Na msisahau kuwasomea Yesu alivyoagiza vipande vikusanywe, kisipotee kitu. Hapo ndipo wataelewa kwa nini mwalimu anawaambia waje na maboksi.

Gundi ni unga wa muhogo. Koroga kwanza kwa maji baridi usifanye madonge, kisha weka motoni hadi uive na kung'aa. Pikeni ya siku hiyo tu, maana huchacha upesi, na kazi zilizobandikwa msiziache sakafuni: panya na mende wanaipenda kuliko watoto.

Vyombo vya dawa ya kuulia wadudu hapana, hata vikioshwa mara ngapi. Makopo yenye ukingo mkali mwalimu ayapondeponde ukingo kwanza. Vizibo vya soda msiwape walio chini ya miaka mitatu, wataweka mdomoni.

Jingine: msiwanyooshee watoto kazi zao. Darasa zima likitoka na safina zinazofanana, mjue aliyetengeneza ni mwalimu.

Haya, wenye mikasi sogeeni mbele. Katoni ziko pale mlangoni.