Kubadilisha Mpira wa Koki Inayovuja, na Mahali pa Kumwita Fundi

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo tumesimama mbele ya koki hii ya ukutani, ambayo imekuwa ikidondosha maji usiku kucha, na swali mnaloniuliza kila mara ni lile lile: tujitengenezee wenyewe au tumwite fundi bomba? Kwa maoni yangu, mpira uliochakaa hautoshi kumtoa fundi kwake. Lakini katika kazi hii kuna mahali ambapo nitawaomba mweke spana chini, na tukifika hapo nitasema zaidi ya mara moja.

Kwanza tegeni kikombe chini ya koki kwa robo saa, mpime maji yaliyopatikana, kisha mzidishe kwa 96, kwa kuwa siku moja ina robo saa 96. Mimi nimepata mililita 200, ambazo kwa siku nzima ni zaidi ya lita 19. Hakikisheni pia kwamba koki yenu huzungushwa mara kadhaa kama hii, kwa sababu ile inayofunga kwa robo ya mzunguko kwa kawaida huwa na visahani vya seramiki badala ya mpira, na matengenezo yake ni mengine.

Fungeni koki kuu, fungueni hii ili maji yaliyobaki yaishe, na mzibe tundu la sinki kwa kitambaa. Ondoeni kifuniko cha juu, fungueni skrubu, mng'oe mpini. Hapo hapana fumbo lolote.

Sasa sogeeni karibu. Samahani, kamera imeshikilia kuonyesha kiwiko changu. Subirini niigeuze na niishushe taa. Naam, sasa mnaiona nati hii kubwa iliyoshika kichwa cha koki. Hii ndiyo iliyonitia adabu. Miaka kadhaa iliyopita niliikuta imegandana kwa chokaa ya maji, nikaibana kwa spana moja na kuvuta kwa nguvu zangu zote. Nati haikulegea, bali koki nzima ilizunguka pamoja na bomba lililofukiwa ukutani. Nilipofungua koki kuu, ukuta ulianza kutoa machozi. Fundi niliyemkwepa ili nisimlipe alikuja akabomoa vigae vitano, na gharama ya vigae ikawa kubwa kuliko ujira wake.

Kwa hiyo tumieni spana mbili. Ya kwanza ishike mwili wa koki na isiende popote. Ya pili ndiyo izungushe nati kinyume cha mwendo wa saa. Mimi hupenda spana malaya, jina ambalo mama yangu hataki nilitamke mbele ya wageni, kwa sababu moja hutosha nati za ukubwa mbalimbali. Narudia: mkono wa kushoto hauzungushi kitu, unazuia tu. Nati ikikataa, izungushieni kitambaa kilicholoweshwa siki, mngoje nusu saa, mjaribu tena. Ikiendelea kukataa, au mkihisi koki yenyewe inacheza ukutani hata kidogo, wekeni spana chini na mwiteni fundi. Akifika, simameni karibu naye na mwulize anachofanya, kwa maana mimi habari ya spana ya pili niliipata kwa yule wa vigae.

Yangu imelegea, nami nimekichomoa kichwa cha koki. Mpira ndio huu, chini ya kichwa, na mnaona alama ya duara iliyochimbika katikati yake. Nendeni nao dukani mnunue wa kipimo kile kile, badala ya kukisia. Kabla ya kuweka mpya, pitisheni kidole ndani, kwenye kitako ambacho mpira hukalia. Kikiwa laini, endeleeni. Kikiwa na mikwaruzo, mpira mpya utaliwa upesi, na kukisaga kunahitaji kifaa maalumu ambacho sioni faida ya kukinunua kwa kazi ya mara moja. Hapo pia ningemlipa fundi.

Wakati wa kurudisha kichwa, mhimili, yaani kile kijiti kinachozungushwa na mpini, uwe umezungushwa upande wa kufungua, la sivyo mpira utagandamizwa kwenye kitako kabla nati haijakaa vizuri. Na hata katika kukaza, spana ni mbili. Nimeona wengi wakikumbuka wakati wa kufungua na kusahau wakati wa kufunga.

Rudisheni mpini, fungeni koki, fungueni ile kuu polepole, mpanguse nati kwa karatasi kavu, kisha mtege kikombe kile kile kwa robo saa nyingine. Changu kimebaki kikavu. Kilichobaki ni skrubu ya mpini, ambayo siwezi kuwaonyesha kwa sababu nilikiondoa kitambaa cha sinki mapema mno.